Dramu Iko Wapi?

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kiganja kikiwa nyuma ya sikio lake la kulia, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Dramu iko wapi?"

Tulikuwa barazani kwake Temeke, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimemwekea kwenye simu "Chimes Blues", wimbo uliorekodiwa Aprili 1923 na Creole Jazz Band ya Joe Oliver, yule waliyemwita King. Nilitaka amsikie Louis Armstrong akiwa bado kijana asiyejulikana, akipuliza kipande kinachotajwa kuwa solo yake ya kwanza kuwekwa kwenye santuri. Baba mdogo mwenyewe alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi kwa miaka 19. Nilijua atasema kitu kuhusu tarumbeta.

Akanirudishia simu.

"Wanapiga vizuri hawa. Lakini watu wanachezaje? Mwanangu, umeniletea bendi iliyokatwa miguu."

Sikuwa na jibu. Wimbo ule nimeusikiliza kwa miaka mingi, na sikuwahi kutambua kwamba kuna mtu hayupo.

Hiyo ni wiki sita zilizopita. Nilianza kumtafuta mpiga dramu, nikaishia kuhangaika na jengo lililoungua miaka mia moja iliyopita, katika mji ambao sijawahi kufika. Nimejaribu kuliacha. Halijaniacha.

Nta na sindano

Mpiga dramu alikuwepo. Anaitwa Warren Dodds, lakini dunia nzima ilimjua kwa jina la Baby Dodds, kwa kuwa alikuwa mdogo wake Johnny Dodds, aliyepuliza klarineti kwenye bendi hiyohiyo. Tarehe 5 na 6 Aprili 1923 alikuwa na wenzake huko Richmond, mji mdogo wa jimbo la Indiana, kwenye studio ya Gennett. Studio yenyewe ilikuwa ndani ya eneo la kiwanda cha piano, kando ya reli. Treni ikipita, kazi inasimama.

Maikrofoni haikuwepo. Bendi ilipiga ikielekea pembe kubwa, sauti ikaingia kwenye pembe na kutikisa sindano, na sindano ikachora mfereji wake kwenye nta. Ukiigonga dramu kubwa kwa nguvu, sindano inaruka na nta imeharibika, mnaanza upya. Basi Baby Dodds akanyang'anywa karibu vyombo vyake vyote, akabakishiwa vipande vya mbao vya kugongagonga. Bill Johnson, mpiga besi, akaweka besi pembeni akashika banjo. Armstrong pumzi yake ilikuwa inamfunika mkubwa wake, wakamsogeza nyuma kabisa, mbali na wenzake. Na kila wimbo, hata uwe umekolea vipi, ulilazimika kufungwa ndani ya dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri haukubeba zaidi ya hapo.

Nyimbo 9 zilitoka katika siku hizo mbili. Bado nazipenda, na sitaacha kuzipenda. Ila sasa kila nikiziweka naona picha ya pasipoti: uso ni wake kweli, macho ni yake, lakini mtu mwenyewe kazi yake ilikuwa kucheza, na hapo amekalishwa kwenye kigoda, ameambiwa asitikisike.

Akitoka kwenye kile kigoda alikuwa anakwenda wapi?

Mtaa wa 31

Alikuwa anarudi Chicago, upande wa kusini wa jiji, namba 459 East 31st Street. Ukumbi huo mwanzoni uliitwa Royal Gardens, baadaye Lincoln Gardens. Oliver aliingia hapo na bendi yake Juni 1922. Waliokwenda kucheza hapo walikuwa watu weusi waliokimbia mashamba na ubaguzi wa Kusini mwa Marekani wakapata kazi kwenye machinjio na viwanda vya kaskazini. Mtu amesimama wiki nzima kwenye damu ya ng'ombe, usiku anavaa suti yake moja nzuri na kwenda kuyarudi. Picha hiyo ukiwahi kuishi jirani na ukumbi wa dansi huhitaji kuelezwa.

Waliouona wameacha maelezo ambayo nimeyasoma na kuyarudia. Dari ilikuwa juu mno, kwa hiyo ilishushwa kwa wavu kama ule wa banda la kuku, na juu ya wavu yakatandazwa majani ya bandia. Katikati ulining'inia mpira mkubwa wa vipande vya vioo, ukimulikwa unatupa nuru juu ya vichwa vya watu.

Nimelifikiria sana dari lile. Yeyote aliyewahi kupiga muziki ndani ya chumba anajua kwamba dari tupu lililo juu sana linakurudishia sauti ikiwa imechelewa na imechafuka. Majani yale yaliwekwa kwa ajili ya urembo. Mimi naamini yalibadilisha pia muziki. Yalilainisha mwangwi, matarumbeta mawili yakaweza kukaa karibu bila kugombana.

Maana matarumbeta yalikuwa mawili, na hilo ndilo lililowajaza watu. Tuseme koneti, kwa usahihi, lile tarumbeta fupi. Muziki ulipokuwa ukisimama ghafla, wawili wale waliruka pamoja na kipande kimoja, kila mmoja na sauti yake, kana kwamba walikaa wiki nzima wakikifanyia mazoezi. Hawakufanya. Oliver alikuwa akimdokezea Armstrong, katikati ya kelele, kile anachokusudia kupuliza mbele, na kijana akakidaka na kutafuta sauti ya pili papo hapo.

Kijana huyo alifika Agosti 1922, amemaliza siku chache tu tangu atimize miaka 21, baada ya kuitwa kwa simu ya maandishi kutoka New Orleans. Armstrong mwenyewe alisimulia kwamba alipofika mlangoni aliisikia bendi ikipiga ndani, akasita. Alijiuliza kama anastahili kuingia. Nampenda sana mtu yule aliyesimama nje. Sisi tuliokua karibu na kumbi tunaijua nafasi ile ya nje ya ukuta, pale besi inapofika kwanza na maneno ya mwimbaji hayafiki kabisa. Mdundo unausikia kwa nyayo kabla ya masikio.

Kisha nikasoma jambo lililonifanya niweke kitabu chini.

Oliver aliona Baby Dodds anapiga kwa nguvu mno, akamletea fagio za waya ili apige taratibu. Dodds hakuzipenda fagio. Alichofanya ni kujifunza kupiga kwa vijiti vilevile, lakini kwa wepesi mpaka fagio zikawa hazina kazi.

Yaani mpiga dramu huyu alijinyoosha kufuata ukumbi. Alijua jinsi ya kuujaza bila kuufunika. Alitumia usiku baada ya usiku kujifunza ujazo wa chumba kimoja, na ujuzi huo haukuweza kuingia kwenye pembe la Gennett hata chembe.

Mkesha wa Krismasi

Tarehe 24 Desemba 1924 Lincoln Gardens iliungua.

Mwaka uliofuata, 1925, kampuni kubwa za santuri za Marekani zilianza kurekodi kwa umeme na maikrofoni. Dramu kubwa ikaanza kuingia. Besi ikaanza kuingia. Sauti ya chumba chenyewe, ule mwangwi wa kuta unaokuambia watu wako wangapi na wamesimama wapi, nayo ikaanza kusikika nyuma ya vyombo.

Miezi michache tu.

Najua hakuna aliyekuwa akipeleka mitambo ya kurekodi kwenye kumbi za dansi mwaka 1925. Hata ukumbi ungekuwa umesimama, huenda tusingekuwa na chochote cha usiku wake. Lakini kuta zingekuwepo. Mtu angeweza kuingia miaka 50 baadaye akapiga makofi mawili katikati ya sakafu na kusikiliza. Angeweza kupima. Angeweza kuweka bendi pale Oliver alipoiweka, akakuambia: sikia, ilikuwa hivi.

Oliver alibaki bila ukumbi. Baadaye alipata nafasi Plantation Café, pia upande wa kusini wa Chicago, akaunda bendi nyingine, Dixie Syncopators. Miaka yake ya mwisho siwezi kuiandika kwa urefu, inaniuma. Fizi ziliharibika, meno yakamtoka, na mpuliza tarumbeta bila meno ni seremala bila mikono. Alimalizia maisha Savannah, Georgia, akifagia kwenye chumba cha kuchezea pool. Alifariki Aprili 1938.

Hapa nilitaka kuacha

Wiki ya tatu niliona nimejidanganya.

Niliposoma tarehe kwa makini nikagundua kwamba bendi niliyokuwa nikiililia haikuwepo tena usiku wa moto. Ndugu wawili wa Dodds walikuwa wameshaondoka mapema mwaka huo, baada ya ugomvi wa malipo. Armstrong, aliyemwoa mpiga piano Lil Hardin Februari 1924, alikwenda New York Septemba kujiunga na bendi ya Fletcher Henderson. Lil ndiye aliyemsukuma aache kuwa tarumbeta la pili, na alikuwa na haki kabisa. Moto ulikuta chumba ambacho walioniumiza roho walikwishakiaga. Nilikuwa nimeupa moto ule hatia ambayo si yake.

Halafu nikakutana na Natchez.

Usiku wa tarehe 23 Aprili 1940, huko Natchez, Mississippi, watu weusi walijaa kwenye ukumbi ulioitwa Rhythm Club kumsikiliza Walter Barnes na bendi yake iliyotoka Chicago. Darini palikuwa pametundikwa mimea mikavu ya mitini, ile ya nyuzinyuzi ndefu za kijivu inayoning'inia kwenye miti ya Kusini, na ilikuwa imenyunyiziwa dawa ya kuua wadudu yenye mafuta. Madirisha yalizibwa ili wasiolipa wasichungulie wala kupenya. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Moto ulipozuka, watu 209 walikufa, Barnes akiwa mmoja wao pamoja na wengi wa wanamuziki wake.

Nilikaa kimya na namba hiyo kwa siku kadhaa. Nikalifikiria tena dari la Lincoln Gardens, wavu na majani ya bandia, dari ambalo siku mbili kabla nilikuwa nikilisifia mwangwi wake. Na nikajiona mtu wa hovyo, kuhesabu miangwi wakati kuna mahali dari kama lile liliwamiminikia watu moto vichwani.

Nilimwambia baba mdogo kwamba nimeiacha makala hii. Nikamweleza kuhusu Natchez.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwenye ukumbi wao madirisha yalikuwa yanapigiliwa misumari pia, kwa sababu ileile, na kwamba kila akipanda jukwaani jicho lake la kwanza lilikuwa kwa mlango. "Hao waliokufa nao walikwenda kucheza," akasema. "Ukiwaandika, andika na walichofuata."

Nikaendelea.

Duka la misumari

Kuna jengo moja la zama zile ambalo halikuungua. Sunset Café, namba 315 East 35th Street, si mbali na ule Mtaa wa 31, ambapo Armstrong alipiga alipokuwa amerudi Chicago, mwaka 1926 na 1927. Kwa miaka mingi jengo hilo lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi. Jiji la Chicago lilitambua rasmi thamani yake mwaka 1998. Na nyuma, kwenye sehemu iliyokuwa jukwaa, michoro ya ukutani ya enzi za muziki ilibaki, wenye duka wakiitunza huku wakiuza misumari na rangi.

Nilipoanza nilidhani mfano huu utanifurahisha zaidi ya yote. Umenivuruga. Ukumbi uliosimama miaka mingi bila bendi, umejaa rafu na makopo, unarudisha mwangwi gani? Rafu zimekula sauti yote. Kama nilichokuwa nikikililia ni kuta, basi kuta ndizo hizo, na wimbo haumo.

Lakini waliokuwa wakienda kununua bawaba za mlango na kuoneshwa ule ukuta walikuwa wakisimama na kunyamaza. Walikuwa wamesimama mahali penyewe. Pale 459 East 31st Street hakuna wa kukuonesha jukwaa.

Mzee anayefundisha

Wiki ya tano nilipata nilichodhani ndicho jibu la swali la baba mdogo.

Baby Dodds aliishi hadi 1959. Na mwaka 1946 aliwekwa mbele ya maikrofoni akiwa peke yake, bila Oliver, bila kaka yake, akaongea na kupiga. Anaeleza dramu moja baada ya nyingine. Anapiga, ananyamaza, anaeleza, anapiga tena. Kila kitu kinasikika: dramu kubwa, dramu ndogo, matoazi, hata mlio wa vijiti vikigonga ukingo. Miaka 23 baada ya Richmond, vyombo vyote alivyonyang'anywa vimerudi mikononi mwake.

Nilikwenda Temeke siku ya kazi, sikusubiri Jumapili. Nilisema shikamoo huku naitoa simu mfukoni.

Baba mdogo alisikiliza kwa heshima. Aliinama, akatikisa kichwa mara mbili mahali ambapo mimi pia huwa natikisa. Nilikuwa naona raha kama mtu aliyerudisha deni.

"Fundi huyu," akasema. "Fundi kweli."

Kisha akaongeza: "Lakini hapa anafundisha. Hapigii watu wacheze."

Nilimuuliza ametambuaje.

"Hamtazami mtu. Dramu ya dansi mpigaji anaipiga anamtazama mtu. Kuna mama mmoja nene pale katikati, anacheza vizuri, ukimwona anachoka unampunguzia, akipata pumzi unamrudishia. Huyu hapa anautazama ukuta."

Siku zote hizo nilikuwa nikitafuta chumba chenye sauti nzuri. Baba mdogo alikuwa akinieleza kwamba chumba kile kilikuwa na watu, na watu hao walikuwa wakiipiga ile dramu pamoja na Dodds, kwa miguu na kwa uchovu wao. Oliver hakumletea Dodds fagio za waya kwa ajili ya dari. Nadhani sasa alizileta kwa ajili ya watu waliokuwa chini ya dari.

Chemko

Bendi zetu nyingi zilijiita "jazz" zikipiga rumba: Morogoro Jazz tangu 1944, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz mwaka 1964. Vijana wengine wanalicheka jina hilo siku hizi, wanasema wazee hawakujua jazz ni nini. Mimi naona walijua vizuri sana. Walijua ni muziki wa vipulizo unaopigwa usiku, mbele ya watu waliofanya kazi mchana. Armstrong alipofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, Oktoba 1960 watu walimbeba juu kwa juu kwenye kiti, na sidhani kama walikuwa wamekosea mtu.

Na sisi pia, tulichobakiwa nacho kwa sehemu kubwa ni studio. Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam ndizo zilizotuokolea muziki wa dansi wa miaka ile, na bila hizo tungekuwa maskini kabisa. Lakini muulize aliyecheza. Atakuambia kwamba wimbo wa kwenye redio unaishia pale ambapo ukumbini ndipo ulipokuwa unaanza. Baba mdogo anasema studio walipokwenda, fundi mitambo alinyoosha mkono nyuma ya kioo, nao wanafunga. Ukumbini hakuna wa kunyoosha mkono. Chemko, ile sehemu ya kuchezea iliyokolea, likishika, gita la solo linazunguka palepale, vipulizo vinaingia na kutoka, na hakuna anayeangalia saa mpaka mwenye ukumbi azime taa.

Ukumbi wao haukuungua. Ulivunjwa, kwa utaratibu, kwa vibali, mchana kweupe. Nilikwenda hapo nikiwa mtu mzima, kuna ghala la saruji. Sikuwahi kumuuliza habari zake. Nimeweza kukuandikia urembo wa dari la Chicago la mwaka 1922, na la baba yangu mdogo nilikuwa silijui.

Basi Jumapili iliyopita sikumpelekea wimbo wowote. Niliweka simu mezani ikirekodi, nikamuuliza kuhusu sakafu. Akasema saruji, imepakwa rangi nyekundu, inasuguliwa kwa nta kila Ijumaa. Dari? Mabati matupu, mvua ikinyesha mnapiga kwa nguvu zaidi au mnanyamaza, inategemea mwezi uko tarehe ngapi na watu wana pesa kiasi gani. Jukwaa? Mbao, ubao wa tatu kutoka kushoto unalia, kwa hiyo mpiga besi alijifunza kutoukanyaga kwenye nyimbo za taratibu.

Alichukua kipande cha mkaa jikoni akachora kwenye sakafu ya baraza. Mlango. Kaunta. Benchi la wasiocheza. Mahali aliposimama yeye, na mahali alipokaa yule mama nene akipumzika.

Nikamuuliza dramu ilikuwa wapi.

Akasogea, akachora duara dogo kwenye kona ya kulia, karibu na ukuta.

"Hapa," akasema. "Chini ya dirisha. Dirisha pekee ambalo hatukukubali walipigilie misumari."